Dakika Zilizoishia Kwenye Salamu

Wadogo zangu wa Ulemo, kaeni chini barua hii isomwe, na atakayecheka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza ataniamkia upya. Mimi ni mstaafu. Ndiyo, nina miaka kumi na saba, nina chunusi, na Jumatatu nina mtihani wa jiografia, lakini kazi nimefanya na kazi nimeacha, sasa mtu wa hivyo anaitwaje? Kiinua mgongo changu ni kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya, na nasikia mmeshamkalisha Esta hapo kabla hata vumbi la basi langu halijatua. Esta, habari ya kiti? Usiegemee kushoto.

Kwa wale waliohamia juzi wakidhani historia ya Ulemo ilianza walipofika wao: nilikuwa muunganisha vifurushi kwenye kibanda cha Shangazi Tatu, pale ubavuni mwa mashine ya kukamua alizeti. Shangazi aliuza vocha, alichaji simu za watu, alituma na kutoa pesa. Mimi nikitoka shule, na likizo kutwa nzima, nilishika simu za watu wazima na kuwachagulia kifurushi. Mtu mzima anaweza kumshika fahali pembe, akamwangusha, akajifuta mikono na kuomba maji ya kunywa. Lakini simu ikimwambia achague moja, mbili au tatu, anatoka jasho. Hapo ndipo nilipokuwa naingia mimi, na mashavu yangu yamejaa ubuyu.

Siku hizi nipo bweni, Kidato cha Tano, shule ambayo simu ya mwanafunzi ikionekana inapondwa nyundo mbele ya mstari. Kwa hiyo nimestaafishwa kwa lazima. Mnajua ninachokikumbuka zaidi? Harufu. Mashine ikikamua, harufu ya mashudu ilikuwa inaingia kibandani, inakaa kwenye nywele, kwenye noti, hadi kwenye laini mpya ambazo hazijafunguliwa. Hapa kuna msichana anapaka mafuta ya alizeti visiginoni kabla ya kulala. Akifungua kichupa chake, mimi nageukia ukutani, najifanya nimelala.

Basi. Kazi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mchungaji wa ng'ombe, mzee mwenye fimbo ndefu kuliko mimi. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza, "Babu, unataka kifurushi gani?" Akasema, "Cha bei rahisi." Nikampa cha bei rahisi kuliko vyote, nikajiona mkombozi wa wakulima na wafugaji. Kabla jua halijazama alikuwa amerudi.

"Binti, ulichoniwekea kiko wapi? Nikipiga, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia sina salio."

"Kipo, babu. Ni cha intaneti."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

Nikaitazama simu yake. Ilikuwa kiswaswadu cha vibonye, chenye tochi kali ya kutafutia ndama, na intaneti haikuwahi kuisikia hata kwa kusimuliwa. Shangazi akanivuta sikio, akanisogeza nyuma ya kaunta, akasema maneno ambayo Esta nataka uyaandike ukutani kwa makaa: "Mteja usimuulize anataka nini, atakwambia rahisi. Muulize jana alimpigia nani. Huyo mtu yuko mtandao gani. Na yeye wakati anapiga alikuwa amesimama wapi."

Nilimwambia, "Shangazi, huo si umbea?"

"Ni umbea. Fanya."

Wadogo zangu, nilifanya umbea mpaka nikawa mtaalamu. Nilijua nani kagombana na dada yake kwa sababu dakika zake zilianza kubaki. Nilijua mwalimu mmoja (simtaji, bado anafundisha, na mdogo wangu bado yupo darasani kwake) kila Ijumaa anaongea kwa kirefu na namba aliyoiandika "Fundi Bomba", wakati enzi hizo Ulemo nzima bomba lilikuwa moja na halikuwa limeharibika. Yeye nilimpa kifurushi cha wiki, nikamtakia bomba jema.

Na kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, amewekewa meseji nyingi kwelikweli na mjukuu wake wa mjini. Bibi kusoma hakujifunza, na marafiki zake wote hawakujifunza. Alikuja kunionyesha kwa fahari.

"Nimepewa nyingi."

"Bibi, utazifanyia nini?"

"Zikae tu. Wewe ukipewa kitu unakitupa?"

Zikakaa. Muda wake ukaisha, zikafa, akapewa nyingine, nazo zikakaa. Nilimwomba mara ngapi nimbadilishie iwe dakika! Alikataa, kwa sababu jirani yake hakuwa nazo.

Lakini mteja niliyempenda kuliko wote ni yule mfuga nyuki wa Rungwa aliyekuwa anakuja kwa shemeji yake kila baada ya msimu wa kurina, nguo zake zinanuka moshi na asali. Alitaka kifurushi kikubwa cha siku, kile kilichokuwa kinatangazwa redioni kwa kelele. Nikamuuliza maswali ya Shangazi. Kumbe kule kambini porini mtandao haufiki kabisa, mpaka apande kilima fulani, na kilima anapanda akiwa na shida. Shida haina siku maalumu. Nikamwambia, "Mjomba, wewe usiunge chochote. Weka salio la kawaida, likusubiri. Kifurushi cha siku kitakufia mfukoni ukiwa unafukiza mzinga." Akaniangalia sana. Alisema hakuwahi kuona muuzaji anamkataza mtu kununua. Shangazi naye alinitazama, kwa jicho la aina nyingine. Msimu uliofuata mjomba alirudi na sega zima la asali limefungwa kwenye jani, na jicho la Shangazi likapona. Kitu kingine nilichojifunza kwake: ukitaka kujua mtandao gani unashika mahali, muulize anayelala hapo. Redio hailali Rungwa.

Sasa nije kwenye ile iliyonipa jina.

Babu yangu mnamfahamu, lakini nimtaje kwa ajili ya wageni. Ni baba yake Shangazi Tatu, na baba yake Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, yule fundi seremala mwenye aibu. Mimi nimepewa jina la mama yake Babu. Kwa hiyo mzee mzima mwenye mvi ananiita "mama", na akinizingua namwita "mwanangu", na hakuna wa kunichapa maana ndiyo mila.

Baba mdogo alikuwa amempata Neema, fundi cherehani wa Mgori. Mshenga alishaenda, akapokewa vizuri. Ila baba yake Neema, Mzee Ntandu, alitoa sharti moja: kabla ya mtu yeyote kuja nyumbani kwake na posa, anataka amsikie mzee wa kijana kwa sauti yake mwenyewe, ndipo amtajie siku. Babu goti lilikuwa limemvimba, safari haiwezekani. Ikabidi simu. Na Baba mdogo alikuwa anajua, na sisi wote tulikuwa tunajua, kwamba kuna mfanyabiashara wa vitunguu mwenye pikipiki mpya anayepita mbele ya cherehani ya Neema kila gulio.

Nikaambiwa niunge kifurushi. Nikaunga chenye dakika nyingi kuliko vyote kwenye menyu. Kwenye kibanda, simu ikawekwa sauti ya nje, Babu kwenye kiti changu, Baba mdogo amesimama ameshika randa yake sijui kwa nini.

Mnajua salamu za wazee wetu. Lakini za Babu hamzijui.

"Mzee mwenzangu, habari za huko Mgori?"

"Njema, sijui kwenu."

"Kwetu salama. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Watoto?"

"Watoto wazima. Mama wa nyumbani?"

"Yupo, mgongo kidogo."

"Pole yake. Umemwanza lini, huo mgongo?"

Wakaenda na mgongo. Wakatoka mgongoni wakaingia kwenye mvua, mvua ya Mgori na mvua ya Ulemo, ipi ilitangulia. Wakaingia mtamani. Wakaingia zizini, ng'ombe kwanza, kondoo baadaye. Hatimaye Babu akasafisha koo, Baba mdogo akakumbatia randa, Babu akasema, "Sasa mzee mwenzangu, neno lililonifanya nikupigie..."

Tii, tii, tii.

Dakika nyingi zilikuwa za mtandao wetu tu. Mzee Ntandu alikuwa mtandao mwingine, na za mitandao yote kwenye kile kifurushi zilikuwa za kuonjea. Swali la pili la Shangazi! Nililiruka kwa sababu mteja alikuwa babu yangu, nikadhani namjua.

Mara ya pili Babu hakutaka mchezo. Alinifuata kibandani siku moja kabla, akitaka niunge mapema ili kiwe tayari, kama anavyotenga mbegu kabla ya mvua. Hakunikuta, nilikuwa bado shule, akaungiwa na Shangazi kati ya wateja wa mashine, cha mitandao yote, cha siku. Kikatengwa. Kesho yake Jumamosi, saa ileile ikikaribia, akakaa kitini, akapiga. Na hakuanzia pale alipokatiwa, ng'o! Alianza upya, mmeamkaje, mgongo, mvua. Walikuwa kwenye kondoo kifurushi kilipotimiza siku yake na kufa. Mbegu ukiitenga inakusubiri. Kifurushi cha siku hakimsubiri mtu, Esta, hata akiwa Babu.

Neema akampigia Baba mdogo akilia. Baba yake alikuwa amekaa na wazee wenzake mara zote mbili. "Anasema mzee wenu anamkatia simu mbele ya watu. Anasema akikata tena, msijisumbue."

Baba mdogo hakula. Alikuja kwa Babu, akapiga magoti kabisa.

"Baba, nakuomba. Safari hii salimia kidogo tu."

"Kidogo?"

"Habari za huko, basi, useme neno."

"Nimsalimie kidogo kama polisi? Mtu naenda kumwomba mtoto wake, nisiulize hata mgongo wa mke wake umepoaje? Wewe ulizaliwa na nani?"

Shangazi akapendekeza Babu apate laini ya mtandao wa Mzee Ntandu. Akaja kijana wa kusajili na kile kimashine cha alama za vidole. Babu akaweka kidole, hapana. Akaweka kingine, hapana. Akafuta kwenye suruali, akafuta kwenye shati la Baba mdogo, hapana. Mpini wa jembe ulikuwa umeshakula zile alama zamani.

"Kwa hiyo mimi sipo?" Babu akauliza.

"Upo, mwanangu," nikamwambia, "vidole ndiyo havipo."

Baba mdogo akasema asajili yeye, Babu atumie. Shangazi akakataa katakata: laini ni ya mwenye jina, ikija kuleta msala ataulizwa mwenye jina. Nikaona watu wazima wote wananitazama mimi. Ile hali, wadogo zangu, hata paneli ya mtihani wa mdomo haijawahi kunitisha hivyo.

Nikarudi kwenye maswali. Anampigia nani: Mzee Ntandu. Mtandao gani: ule mwingine. Amesimama wapi: kibandani, unashika vizuri. Limebaki moja ambalo Shangazi hakulisema, kwa sababu wateja wengine hawalihitaji: anasalimia kwa urefu gani? Nikamwambia Babu akae jikoni. Nikabandika maji ya ugali. Nikampa kandambili yangu aweke sikioni, mimi nikashika ya pili, nikawa Mzee Ntandu.

"Mzee mwenzangu, habari za huko Mgori?" Babu akaiambia kandambili, kwa heshima zote.

Nikajibu kwa sauti nzito. Alinisalimia mpaka maji yakachemka, yakapungua, nikaongeza, yakachemka tena. Wakati mmoja aliniuliza kuhusu mbuzi wangu mweusi na nikajikuta namsikitikia yule mbuzi. Tulipofika kwenye neno lenyewe nilikuwa na kipimo mkononi. Baba mdogo alikuwa mlangoni, hajui acheke au alie.

Kesho yake nikaunga saa ileile ya kupiga: dakika za mitandao yote, za wiki, bila intaneti, bila meseji. Na nyuma yake Shangazi akaweka salio la kawaida, ili kifurushi kikiisha katikati simu isikatike, iendelee kula salio. Shikeni hilo. Wengi wanaweka kila kitu kwenye kifurushi halafu wanashangaa wanakatwa wakiwa wanasema "nakupenda".

Mtu wa mashine alikubali kuzima injini. Nadhani ndiyo siku pekee niliyosikia ukimya pale. Wenye magunia yao ya alizeti wakakaa juu ya magunia, wakanyamaza kama kanisani.

Habari za huko Mgori. Mgongo. Mvua. Ng'ombe, kondoo, mbuzi. Mzee Ntandu alikuwa anajibu kwa mkato, njema, wapo, hivyohivyo. Babu akafika, akasema neno lake lote, taratibu, mpaka mwisho. Nikaangalia saa ya ukutani, nikajua kifurushi kimeisha na sasa tunakula salio.

"Mzee mwenzangu," Mzee Ntandu akasema, "umenikatia simu mara mbili."

"Sikukata mimi. Ni huyu mama yangu aliyeniunganishia vifurushi. Mama, ongea."

Akanipa simu! Mbele ya magunia yote!

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mama?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini mlinikatia?"

Nilikuwa na uongo mzuri sana tayari, wa mnara kupigwa radi. Lakini Babu alikuwa ananitazama. "Hatukukata, babu. Dakika ziliishia kwenye salamu. Mara ya kwanza tulikuwa ndiyo tumetoka zizini. Mara ya pili hatukufika hata kwa mbuzi."

Halafu nikasikia anawageukia wenzake, anawaambia, "Anasema dakika ziliishia kwenye salamu." Mmoja akacheka, wakacheka wote, na yeye akacheka mpaka akakohoa.

"Mpe simu mwanao," akaniambia. Na Babu alipoipokea: "Mzee mwenzangu, huyu wa pikipiki anakuja hapa anapiga honi. Hajawahi kuniuliza mgongo wa mama Neema. Njooni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Mama naye aje."

Baba mdogo akaangusha randa kwenye mguu wake mwenyewe, na injini ikawashwa.

Nilienda. Nilivaa gauni aliloshona Neema, nikakaa na wazee kama mama wa mkwe, nikapewa firigisi ya kuku. Mzee Ntandu na Babu walisalimiana ana kwa ana, bila dakika za mtu, mpaka chakula kikapoa. Baba mdogo na Neema sasa wana mtoto, na mtoto ana sauti ambayo hakuna kifurushi kinachoitosha.

Hapa shuleni simu ni moja, ya matroni. Jumamosi tunapanga foleni, kila mtu na muda wake mfupi, na wenzako mgongoni wanakuhesabia pumzi. Jumamosi iliyopita nilikuwa na neno. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na njaa. Nilitaka tu kumwambia Babu kwamba nimepakumbuka, na kwamba ile harufu ya mashudu inanifuata mpaka kitandani. Nilikuwa nimelipanga toka Jumatano.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Shikamoo."

"Marahaba. Mmeamkaje huko? Godoro lina hali gani? Na yule mwenzako wa kitanda cha juu, bado anaota kwa sauti? Mwalimu wa hesabu? Kuna mvua? Uji wanakoroga vizuri au una madonge?"

Nikajibu vyote. Nikamuuliza goti, nikamuuliza mbuzi, mmoja mmoja. Wasichana nyuma walikuwa wananisonya. Nilijua dakika zinaenda wapi, mimi kuliko mtu yeyote Tanzania hii, na sikumharakisha. Alikuwa kwenye kuku, anasafisha koo, simu ikakatika.

Matroni akaniuliza kama nimeshasema nilichotaka. Nikamwambia ndiyo.

Sasa Esta, wewe uliyekalia kiti changu, nisikilize. Jumamosi hii Babu atanipigia yeye. Anampigia nani: mimi. Matroni yuko mtandao ule mwingine. Anasimama kibandani, mtu wa mashine amwombe azime. Usimuungie Ijumaa, muungie Jumamosi hiyohiyo, za mitandao yote, na Shangazi aweke salio nyuma yake. Na akikuuliza kama apunguze, mwambie mama yake amekataa.